Intaneti ya kebo inakatika kila mara: isome modemu kabla hujaizima

Piga simu huduma kwa wateja useme neti inakatika, na jibu la kwanza unalijua tayari: zima modemu, subiri sekunde 30, washa. Mara nyingi inarudi. Kesho jioni inakatika tena, unapiga tena, unaambiwa uzime tena. Dawa hiyo inafanya kazi, ila inafuta ushahidi. Modemu ya kebo hujiwekea daftari la ndani: nguvu ya mawimbi inayopokea, nguvu inayotumia kurusha, makosa iliyokutana nayo, na saa ambayo kila tatizo lilitokea. Ukiizima, hesabu ya makosa inaanza sifuri, na kwenye modemu nyingine hata orodha ya matukio inapotea. Fundi akija siku ya pili anakuta taa zote zinawaka vizuri, anakunywa chai yako na kuondoka.

Ninayoeleza hapa ni ya kebo ya koaksi, ule waya mnene wa mviringo wenye sindano ya shaba katikati, unaofungwa kwa kuzungushwa kama skrubu. Ndio unaoleta televisheni na intaneti kwa pamoja katika baadhi ya majengo ya ghorofa Nairobi na Mombasa, na ndio ambao jamaa zetu walioko Minneapolis au Toronto wanaukuta ukutani siku ya kuhamia. Kama waya wako ni mwembamba na kichwa chake ni cha plastiki ya kijani au buluu, hiyo ni faiba. Huko tazama kama taa ya LOS ni nyekundu na kama waya haukukunjwa pembe kali nyuma ya kochi, kisha piga simu. Mengi ya hapa chini hayakuhusu.

Ni neti iliyokatika au ni Wi-Fi?

Swali hili linarukwa sana, na lingejibiwa mapema lingeokoa nusu ya simu zinazopigwa. Chukua kompyuta, ichomeke kwenye ruta kwa waya wa mtandao, kisha fungua madirisha matatu ya amri (Command Prompt). La kwanza liiulize ruta yako kila sekunde, kwa kawaida 192.168.1.1 au 192.168.0.1. La pili liiulize modemu, ambayo karibu kila mara hujibu kwenye 192.168.100.1. La tatu liulize 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje kabisa. Kwenye Windows andika ping -t na anwani yenyewe, nayo itaendelea kuuliza mpaka uisimamishe. Yaache madirisha hayo wazi jioni nzima huku watu wakiendelea na mambo yao.

Neti ikikatika, tazama dirisha lipi limenyamaza. Ruta ikinyamaza, tatizo liko ndani ya nyumba: ruta yenyewe, waya, au chaja yake. Ruta na modemu zikijibu lakini 8.8.8.8 ikanyamaza, tatizo liko kwenye kebo au mbele zaidi. Yote matatu yakijibu ilhali simu za watoto zinalalamika, kebo haina kosa lolote. Tatizo ni Wi-Fi, na ukiita fundi wa kebo utampotezea muda.

Kwa Wi-Fi nitapita haraka. Kwenye gigahezi 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, basi, kwa sababu hizo tatu ndizo zisizoingiliana. Katika jengo lenye ruta kwenye kila mlango, hamia gigahezi 5. Ukiishi karibu na uwanja wa ndege, gigahezi 5 nayo ina kituko chake: chaneli za 52 hadi 144 zinatumiwa pia na rada, na ruta ikihisi rada inalazimika kuhama, kisha kusikiliza chaneli mpya kwa dakika nzima au zaidi kabla ya kurusha. Wi-Fi inatoweka, halafu inarudi kana kwamba hapakuwa na lolote. Iweke ruta kwenye chaneli 36 hadi 48 na kituko hicho kitaisha.

Ikithibitika kwamba ni kebo, endelea.

Kuisoma modemu

Andika 192.168.100.1 kwenye kivinjari. Modemu nyingine hufunguka moja kwa moja, nyingine hutaka nywila iliyobandikwa chini yake, na kampuni nyingine huufunga ukurasa huo kabisa. Ukiwa umefungwa, huduma kwa wateja wanaona namba hizohizo kwenye skrini yao. Waombe wakusomee, na uandike. Tafuta ukurasa ulioandikwa Status au Connection, na mwingine ulioandikwa Event Log. Upige picha kwa simu neti ikiwa nzima, kisha upige tena neti inapokatika au mara tu inaporudi. Picha hizo mbili zikiwekwa sambamba ndizo zitakazozungumza.

Namba ya kwanza ya kutazama ni muda ambao modemu imekaa bila kuzimika. Neti imekatika saa mbili usiku, na saa mbili na nusu modemu inasema iko hewani kwa dakika 28? Basi ilijizima na kujiwasha yenyewe, na hapo anza na umeme: chaja, soketi, kebo ya upanuzi. Ikisema iko hewani siku 9 ilhali neti imekatika mara nne leo, mara nyingi haikuzimika; ilipoteza mawimbi.

Namba ya pili ni nguvu ya mawimbi yanayoingia, iliyoandikwa kwa dBmV kwa kila chaneli. Kanuni za modemu za kebo zinaruhusu kuanzia -15 hadi +15, lakini mafundi wanataka uwe kati ya -7 na +7, na nakubaliana nao, kwa sababu aliye kwenye -13 siku ya baridi atakuwa hana kitu siku ya joto. Zaidi ya ukubwa wa namba, tazama tofauti baina ya chaneli. Zote zikiwa -9, nguvu imepungua tu njiani, labda kwa splita nyingi, yaani vile vigawanyi vya kebo. Chaneli za masafa ya chini zikiwa +2 na za masafa ya juu -12, kebo ni ndefu mno, ni ya zamani au imelowa, maana masafa ya juu ndiyo yanayochoka kwanza. Tatu za katikati zikizama peke yake na jirani zake ziko sawa, kuna konekta mbovu au kitu kutoka nje kinachopenya kwenye masafa hayo, kwa mfano mnara wa simu.

Pembeni ya nguvu kuna SNR au MER, yaani mawimbi yameishinda kelele kwa kiasi gani. Kuanzia 33 kwenda juu uko salama. Ikishuka chini ya 30, modemu inaanza kubahatisha. Mbele yake utakuta safu mbili za makosa: yaliyosahihishwa na yasiyosahihishika. Ya kwanza usiyaogope hata yakiwa malaki, mfumo umejengwa kwa ajili yake. Ya pili ndiyo data iliyopotea. Jumla yake haikuambii kitu, inaweza kuwa ya mwezi mzima. Unachotaka kujua ni inapanda kwa kasi gani. Andika namba, rudi baada ya nusu saa, andika tena.

Halafu shuka kwenye sehemu ya kurusha, iliyoandikwa Upstream. Sehemu hii ina jedwali dogo na watu wengi hawaifikii, ilhali mimi naanzia hapo nikishaona muda wa kuwa hewani. Modemu haijiamulii nguvu ya kurusha. Mtambo wa kampuni ndio unaoiambia: sikusikii, paza sauti. Ikiwa kati ya 35 na 49 dBmV, mambo ni shwari. Ikipita 50, modemu inapiga kelele kwa nguvu zake zote na bado inasikika kwa taabu. Lolote dogo likiongezeka, joto la mchana au tone la maji, haitakuwa na nguvu ya akiba, na itakatika. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na mawimbi mazuri sana yanayoingia na bado akakatika kila siku: anasikia vizuri, ila hasikiki.

Mwisho fungua Event Log. Usishtuke ukikuta matukio ya tarehe 1 Januari 1970. Hiyo ni modemu iliyowaka na haijapewa saa na mtandao. Kwa hiyo kila kundi la mistari ya 1970 lina maana kwamba modemu iliwaka upya, jambo ambalo nalo ni habari. Yanayotajwa sana ni T3 na T4. T3 maana yake modemu ilituma salamu ya kujipima na haikujibiwa kwa wakati. Ikituma 16 mfululizo bila jibu, inaacha kila kitu na kuanza upya kujiunga. T4 maana yake ilisubiri zamu yake ya kujipima kwa nusu dakika au zaidi na haikuisikia. T3 moja moja kwa siku si kitu. T3 ishirini ndani ya dakika mbili, zikirudi kila jioni, ni ushahidi wa kelele au kukatika kwenye njia ya kurusha.

Sasa dalili: inakatika lini?

*Mvua ikinyesha, au siku moja baada ya mvua.* Kati ya hitilafu zote, hii ndiyo inayojulikana haraka na inayopuuzwa kwa muda mrefu, kwa sababu jua likiwaka inapona. Maji yameingia kwenye maungio ya nje, mara nyingi pale kebo inapoingia ukutani au kwenye splita iliyofungwa juu ya dari na kusahauliwa. Fungua konekta uitazame kwa karibu. Waya wa katikati unapaswa kung'aa rangi ya shaba. Ukiwa na ukungu mweupe au kijani, maji yamefika. Wavu wa nyuzi unaouzunguka unapaswa kuwa wa rangi ya fedha. Ukibonyeza na ukatoka unga mweusi, kebo imeoza na maji huenda yamesafiri ndani yake mita kadhaa, hivyo kubadilisha konekta tu hakutatosha. Kata nyuma mpaka ufike palipo safi. Pwani hali ni mbaya zaidi kwa sababu ya hewa ya chumvi: konekta ya bei rahisi iliyo upande wa bahari huota kutu hata mvua isiponyesha.

Tazama pia kebo inavyoingia ndani. Ikishuka kutoka juu moja kwa moja hadi kwenye tundu la ukuta, maji yanaifuata na kuingia nayo. Inatakiwa ishuke chini ya tundu kwanza, ipinde, kisha ipande na kuingia, ili maji yadondoke pale kwenye kona.

*Jua la mchana, au upepo.* Chuma hutanuka na kusinyaa. Konekta iliyolegea hugusa asubuhi na kuachia saa nane mchana. Ya upepo ni kebo inayoning'inia baina ya nguzo na jengo. Mtu mmoja aitikise kidogo huku mwingine akitazama dirisha la ping. Usipande nguzo. Hilo ni la kampuni, na nyaya za umeme ziko palepale.

*Jioni tu, saa moja hadi saa tano usiku.* Hapa pana mambo mawili yanayofanana kwa nje. La kwanza ni msongamano: mtaa mzima unagawana kebo moja, na kampuni imeuza zaidi ya inachoweza kubeba. Kasi inashuka na ping, yaani muda wa kusubiri jibu, inapanda kutoka milisekunde 20 hadi 300, lakini hakuna kukatika wala T3. Kwenye modemu yako hakuna cha kutengeneza. La pili ni kelele. Mawimbi ya kurusha hutumia masafa ya chini, megahezi 5 hadi 42 kwa mfumo wa Marekani na hadi 65 kwa mfumo wa Ulaya, na masafa hayo yamejaa vurugu za chaja mbovu, mota na taa za bei rahisi. Kelele inayopenya kwenye nyumba moja yenye konekta iliyolegea inapanda kwenye kebo ya mtaa, inakutana na ya nyumba nyingine, na yote inamiminika kwenye mtambo mmoja. Kwa hiyo jirani wa ghorofa ya tatu anaweza kuwakata nyote jioni anapowasha vyombo vyake, naye hana habari.

Ndiyo sababu uwaulize majirani kabla ya kuinunulia nyumba yako vifaa vipya. Mkikatika pamoja dakika ileile, kosa haliko sebuleni kwako, na malalamiko ya nyumba tano kwa siku moja huwasukuma mafundi wa mtaani kuliko simu kumi za mtu mmoja.

*Tangu televisheni ya pili iwekwe.* Splita ya matundu mawili hula takriban dB 3.5 (desibeli) kwa kila upande, kwenda na kurudi. Ya matundu manne hula kama dB 7. Ukiunganisha moja baada ya nyingine, jumlisha. Mawimbi hugawanyika kama maji ya bomba: kadiri splita inavyokuwa na matundu mengi, ndivyo kila tundu linavyopata kidogo. Kebo inayotoka nje ipite splita moja tu, tundu moja liende kwenye modemu bila kituo kingine, na televisheni zote zigawane lililobaki. Splita yenye tundu lisilotumika ifungwe kwa kizibo cha omu 75, kwa sababu tundu wazi ni mlango wa kelele. Na splita ya zamani ya antena za juu ya paa, hata kama inaingiana, haikutengenezwa kwa ajili ya mawimbi yanayorudi, itupe.

*Modemu inazimika na kuwaka yenyewe.* Chaja. Nyingi ni za volti 12, na ikizeeka huonekana nzima mpaka modemu itakapohitaji umeme mwingi, hapo volti zinaanguka. Azima nyingine yenye volti zilezile na ampea zilezile au zaidi, ujaribu siku mbili. Stima ya mtaa wako ikiwa ya kupanda na kushuka, UPS (betri ya akiba) ndogo ya ruta inatosha.

*Stima ikipotea, neti inapotea ingawa modemu yangu iko kwenye UPS.* UPS yako haina kosa. Tofauti na faiba, mtandao wa koaksi una vikuza mawimbi mtaani, vinavyolishwa umeme kupitia kebo hiyohiyo, volti 60 hadi 90. Betri za kampuni zikiwa zimekufa, mtaa ukizimika navyo vinazimika. Hapo cha kufanya ni kulalamika, na kuwa na bando la simu.

*Kila kitu kiko hewani ila kurasa hazifunguki.* Dirisha la 8.8.8.8 linajibu, lakini hakuna tovuti inayofunguka: ni DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8 kwenye ruta badala ya zile za kampuni.

*Nchi nzima inalia.* Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini, na Kenya, Tanzania, Uganda na nchi jirani zikapata taabu kwa siku kadhaa. Siku ya namna hiyo tovuti zilizohifadhiwa ndani ya nchi hufunguka vizuri na za ng'ambo husuasua. Iache splita yako kwa amani.

Unachoweza kutengeneza mwenyewe

Anza na konekta, zote, kuanzia ukutani hadi kwenye modemu. Kaza kwa vidole mpaka zigome, kisha robo ya mzunguko kwa spana ya milimita 11, basi. Ukizidisha kwenye modemu utavunja tundu lenyewe. Konekta zile za kuzungusha kwa mkono bila kubanwa, zinazouzwa kwa bei ya chee, zitoe zote. Weka za kubana kwa mashine, na kama huna mashine, fundi wa dishi wa mtaani anayo. Kebo iwe RG-6. Maandishi yako ubavuni. Ukisoma RG-59, hiyo ni ya zamani na inapoteza zaidi.

Kisha fanya jaribio linalomaliza ubishi: toa splita zote na uunganishe modemu moja kwa moja kwenye kebo inayotoka nje. Kaa hivyo siku moja au mbili bila televisheni. Watu wa nyumbani watanung'unika, wavumilie. Kukatika kukiisha, kosa liko ndani na ni lako. Kukiendelea kwa namba zilezile, kosa liko nje na ni la kampuni, nawe una picha.

Kitu kimoja usinunue: kikuza mawimbi cha dukani. Mwenye mawimbi hafifu hukimbilia hicho kwanza. Kinakuza mawimbi pamoja na kelele yake, kwa hiyo SNR haipandi, na vingi havipitishi mawimbi yanayorudi, au vinayachafua na kuwaharibia majirani. Kampuni ikiona kelele inatoka kwako, ina haki ya kukukata mpaka ukitoe.

Kuhusu modemu mpya, nunua mwisho. Iko hali moja ambapo modemu yenyewe ndiyo mkosaji: zile zenye chipu ya Intel Puma 6, kama Arris SB6190 iliyouzwa sana Marekani, zilijulikana tangu 2016 kwa ping zinazoruka bila sababu. Ukiwa nayo na unacheza gemu, ibadilishe bila kuwaza. Nyingine zote, mpaka kebo ithibitishwe kuwa safi, modemu mpya kwenye waya mbovu itakatika vilevile.

Fundi akija

Usimwambie "neti inasumbua". Mwambie: kurusha iko 52, T3 zinakuja kila mvua, nimetoa splita zote na bado. Fundi mzuri atafurahi, na mvivu atajua kwamba hapa hapiti. Muombe apime kwenye kisanduku cha nje ambako kebo yako inaanzia, kisha apime kwenye modemu. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayoonyesha kipande kibovu. RG-6 nzima hupoteza takriban dB 18 kwa mita 100 kwenye masafa ya karibu megahezi 750, hivyo kipande cha mita 20 kikipoteza dB 12, kebo hiyo ibadilishwe.

Kabla hajaondoka, fungueni pamoja ukurasa wa modemu, mtazame namba mpya, uzipige picha. Mwambie aandike kwenye kadi ya kazi alichobadilisha, na uhifadhi namba ya malalamiko. Ikikatika tena baada ya mafundi kadhaa, peleka namba hizo na picha kwa msimamizi wa sekta: Mamlaka ya Mawasiliano kwa walioko Kenya, TCRA kwa Tanzania, FCC kwa Marekani, ambako kampuni hupewa siku 30 kujibu. Huenda wakakuuliza kwanza kama ulilalamika kwa kampuni na lini.